Than, then, elder, fewer: maneno ya kulinganisha yanayotuponza katika Kiingereza

"My brother is elder then me." Maneno sita, makosa mawili. La "then" hata mtu aliyezaliwa na Kiingereza hulifanya akiandika kwa haraka. La "elder" yeye halifanyi; hilo ni letu sisi tunaokijia Kiingereza tukiwa na Kiswahili kichwani. Ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa sababu makosa ya kulinganisha hayana chanzo kimoja. Mengine huletwa na sikio, mengine huletwa na lugha ya kwanza, na namna ya kuyatibu si moja.

Chanzo kikubwa kwetu ni hiki: Kiswahili kikilinganisha hakikigusi kivumishi. Asha ni mrefu. Asha ni mrefu kuliko Juma. "Mrefu" limebaki vilevile, mzigo wote umebebwa na "kuliko". Kiingereza hutia alama mahali pawili: "tall" linageuka "taller", kisha "than" linafuata. Anayejenga sentensi kwa Kiswahili huacha alama ya kwanza akaandika "Asha is tall than Juma". Akishakosolewa, anaingiwa na hofu ya kuiacha tena, basi anaitia mara mbili: "more taller than Juma". Makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja ingawa sura zao zinapingana.

Kanuni ya kuchagua kati ya "-er" na "more" inategemea silabi. Kivumishi cha silabi moja huchukua "-er": "short, shorter". Cha silabi mbili kinachoishia na "y" hubadili "y" kuwa "i": "easy, easier". Cha silabi tatu au zaidi huchukua "more": "more expensive", "more dangerous". Eneo lenye utata ni la silabi mbili zisizo na "y". "Narrow", "simple", "quiet" na "clever" hupokea "-er" bila shida, lakini "careful", "modern" na "useful" hutaka "more". Ukisita kwenye kundi hili, "more" ndilo chaguo salama, maana mara chache litasikika baya. Ila usilichanganye na "-er", na usiliweke kabla ya "better" au "worse", ambayo yenyewe tayari yamelinganisha. Zamani kurudufisha hivyo halikuwa kosa. Shakespeare aliyatumia maumbo ya namna hiyo bila haya. Anayeandika leo hana ruhusa hiyo.

Unapotaka kuongeza uzito wa ulinganisho, "very" haifai. "Very good" ni sawa, "very better" si sawa. Mbele ya umbo la kulinganisha tumia "much", "far" au "a lot": "much better", "far more useful". Kuna kipengele kidogo hapa kinachowapita wengi. "More" ikifuatwa na nomino inayohesabika, "much" hugeuka "many": "many more books", lakini "much more water". Tahajia nayo ina mtego wake: "big" ina irabu moja na konsonanti moja mwishoni, kwa hiyo konsonanti inajirudia, "bigger"; lakini "cheap" ina irabu mbili, kwa hiyo haijirudii, "cheaper".

Turudi kwa "then" na "than". Katika Kiingereza cha kale yalikuwa neno moja, na tahajia zake hazikutengana kabisa hadi karibu mwaka 1700. Katika mazungumzo "than" haitiliwi mkazo, irabu yake humezwa, na sikio husikia kitu kilicho karibu sana na "then". Ndiyo maana wenye lugha hukosea hapa: wanaandika wanachokisikia. Mswahili aliyejifunza Kiingereza kwa maandishi kabla ya kukisikia kinasemwa ana nafuu, mradi asiipoteze kwa uvivu. Programu ya kusahihisha tahajia haina msaada wa uhakika, maana yote mawili ni maneno halali.

Jaribio lake ni jepesi. Weka "kisha", "wakati huo" au "basi" mahali pa neno hilo. Sentensi ikisimama, andika "then". Ikitaka "kuliko" au "zaidi ya", andika "than". Watu wengine hufundishwa njia ya mkato: tazama neno lililotangulia, ukiona "-er", "more", "less", "rather" au "other", andika "than". Njia hiyo inafaa mara nyingi, lakini ina shimo. "It was colder then" ni sentensi sahihi, ikimaanisha kwamba wakati ule baridi ilikuwa kali zaidi. "If the price is lower, then buy it" nayo ni sahihi licha ya "lower" kukaa mlangoni. Kwa hiyo jaribio la maana ndilo la kutegemea, na la umbo liwe msaidizi tu. "Rather" na "other" ndizo zinazostahili jicho la ziada: "rather then" na "other then" ni makosa yanayopenya hadi kwenye barua za ofisi, kwa sababu hayaonekani kama ulinganisho.

Sasa "elder". Hili ndilo umbo la zamani la kulinganisha la "old", lililobadilika irabu ya ndani. "Older" ni umbo lililokuja baadaye kwa kufuata utaratibu wa kawaida. Jipya lilipochukua kazi, la zamani lilibakia hasa kwenye kona moja: mpangilio wa kuzaliwa ndani ya familia. "My elder brother" ni kaka mkubwa. "The elder of the two sisters" ni dada mkubwa kati ya wawili. Zaidi ya hapo haliendi mbali. Halifuatwi na "than", na halisemwi juu ya nyumba, gari au mti. Kwa hiyo "He is elder than me" inakosea hata ukitamka "than" vizuri kiasi gani. Sema "He is older than me". Vivyo hivyo "eldest": "the eldest child" ni mtoto wa kwanza, lakini jengo ni "the oldest building". Anayetaka kurahisisha maisha atumie "older" na "oldest" kila mahali, na hakuna atakayemkosoa. Kinyume chake hakiwezekani.

Kuna kundi lingine lisiloelewana na "than", nalo lina historia yake. "Superior", "inferior", "senior", "junior" na "prior" zimetoka Kilatini, ambako mwisho huo wa "-ior" wenyewe ulikuwa alama ya kulinganisha. Zilipoingia Kiingereza zilikuja zimeshalinganisha, na hufuatwa na "to". "This model is superior to that one." "She is senior to me by three years." Ukiandika "more superior than" umelinganisha mara mbili na ukakosea kihusishi juu yake. "Prefer" nayo inafuata njia hiyohiyo: "I prefer walking to running". Hapa Kiswahili hutuvuta, maana tunasema "napenda kutembea kuliko kukimbia", na mkono unaandika "I prefer walking than running". Kama unaona "to" haikai vizuri, hasa baada ya kitenzi chenye "to" yake, tumia "rather than": "I prefer to walk rather than run". Na kama moyo wako unang'ang'ania "than", badilisha kitenzi: "I would rather walk than run". Hiyo inakubali.

"Less" na "fewer" ndipo penye kelele nyingi za wakosoaji kuliko pote, na kwa kweli Mswahili ana mtaji mzuri hapa asioutumia. Hatusemi "watu kidogo" tukikusudia idadi. Tunasema "watu wachache". Na hatusemi "sukari chache", tunasema "sukari kidogo". Mstari huo uliochorwa kati ya "-chache" na "kidogo" ndio uleule kati ya "fewer" na "less". Kinachohesabika kimojakimoja, chenye wingi wake, ni "fewer": "fewer people, fewer mistakes, fewer questions". Kisichohesabika ni "less": "less sugar, less time, less noise". Maneno ya kuchunga ni yale ambayo Kiswahili huyahesabu na Kiingereza hakiyahesabu. "Information", "advice", "furniture", "equipment" na "luggage" hayana wingi katika Kiingereza, kwa hiyo ni "less information" na "less furniture", hata kama unaziona meza na viti mbele yako na unaweza kuvihesabu.

Halafu kuna vipimo, ambavyo huwaponza hata waliokariri kanuni. Umbali, muda, fedha na uzito, japo vina namba, Kiingereza huvitazama kama kiasi kimoja. Husemwa "less than five kilometres", "less than two weeks", "less than 100 dollars". "Fewer than five kilometres" inasikika kana kwamba unazihesabu kilometa moja baada ya nyingine kama mbuzi zizini. Asilimia hufuata nomino yake: "less than 30 percent of the water" haina mjadala, lakini kwa watu na vitu vinavyohesabika waandishi hugawanyika, na "fewer than 30 percent of the students" inakubalika kama ilivyo "less". Umoja nao una utaratibu wake: "one less problem" ndiyo mazoea, si "one fewer problem", ingawa wapo wanaoiandika ya pili kwa kujihami.

Msimamo wangu kuhusu kelele hizo ni kwamba zimezidi. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa masuala ya lugha ya Kiingereza, aliandika kwamba yeye anaiona "no fewer than a hundred" kuwa nzuri zaidi ya "no less than a hundred". Aliitoa kama maoni yake, na waliomfuata wakaigeuza amri. Kabla yake wenye lugha walitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika kwa karne nyingi, na katika mazungumzo bado wanatumia. Pamoja na hayo, kwenye mtihani, ripoti au barua ya kuomba kazi andika "fewer people", kwa sababu anayesoma huenda ni mmoja wa wale wanaokasirika. Jambo la kuchekesha ni kwamba upande wa "zaidi" Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na maneno mawili: "mo" kwa idadi na "more" kwa kiasi. "Mo" ikafa, "more" ikabeba yote, na hakuna anayelalamika.

Tahadhari mbili za haraka juu ya hilohilo. Usiandike "fewer number" wala "less number". Namba yenyewe huwa ndogo au kubwa, kwa hiyo ni "a smaller number". Na "lesser" si namna ya adabu ya kusema "less". "Lesser" huhusu uzito au umuhimu wa jambo, kama katika "the lesser of two evils". "Lesser time" na "lesser people" ni makosa, na la pili linaweza kusomwa kama tusi, kwamba watu hao ni duni.

"Farther" na "further" hazistahili maelezo marefu. "Farther" ni umbali unaopimika tu. "Further" inafaa kwa umbali na kwa yote mengine: "further information", "further delay", na kama kitenzi, "to further her studies". Wamarekani huipenda "farther" kwa umbali, Waingereza wengi hutumia "further" kote. Ukiwa na shaka andika "further".

"Later" na "latter" hutofautiana kwa herufi moja na kwa matamshi. "Later" ina irabu ndefu na huhusu wakati, "baadaye". "Latter" ina irabu fupi na humaanisha cha pili kati ya viwili vilivyotajwa, mwenzake akiwa "former". Kosa la kawaida ni kutumia "latter" baada ya kutaja vitu vitatu au vinne. Kwa vingi ni "the last", au bora zaidi, kitaje kwa jina, maana msomaji hapendi kurudi nyuma kuhesabu ni kipi kilikuwa cha ngapi. "Last" na "latest" nazo zina madhara. "Her latest novel" ni riwaya yake mpya kabisa, na nyingine inaweza kuja. "Her last novel" inaweza kueleweka kwamba ameacha kuandika, au amekufa.

"Worse" na "worst" huchanganywa kwa sababu ya "t" isiyosikika vizuri. Kama kuna "than", ni "worse". Kama kuna "the" na kundi zima nyuma yake, ni "worst". Mgawanyo huo ni wa jumla: viwili huchukua umbo la kulinganisha, "the better of the two", na vitatu au zaidi huchukua umbo la juu kabisa, "the best of the three".

Kisha "kama". Neno letu hili moja hufanya kazi za "like", "as" na "if", ndiyo maana tunapofika kwenye Kiingereza tunashika lolote lililo karibu. Tazama sentensi mbili: "She spoke as a lawyer" na "She spoke like a lawyer". Ya kwanza inasema yeye ni wakili, na alizungumza kwa nafasi yake hiyo. Ya pili inasema alizungumza kwa mtindo wa mawakili, na aghalabu msomaji ataelewa kwamba si wakili. Ukiandika kwenye barua ya kazi "I worked like a manager for two years", umemwambia mwajiri kwamba hukuwa meneja. Andika "as a manager". Kwa kufananisha vitu, "like" hufuatwa na nomino: "like his father". Kikifuata kishazi chenye kitenzi, maandishi rasmi hutaka "as": "as his father did". Na baada ya "same" ni "as" daima, "the same as mine", si "the same like mine". Usawa nao hufungwa pande zote mbili kwa neno lilelile: "as good as", kamwe si "as good like" wala "as good than".

Hadi hapa tumechagua maneno. Lakini unaweza kuchagua neno sahihi na bado ukalinganisha visivyolinganishika. "The climate of Spain is warmer than Norway." "Than" iko sawa, "warmer" iko sawa, lakini hali ya hewa imelinganishwa na nchi. Sahihi ni "than that of Norway". Kiswahili kinalidai hilohilo, hali ya hewa ya Uhispania ina joto kuliko *ya* Norwei, ila "ya" yetu ni fupi mno hata hatuoni kwamba ina kazi. Kwa wingi, "that" huwa "those": "The streets of the old town are narrower than those of the new one".

Mfano mwingine: "Jupiter is larger than any planet in the solar system." Jupiter yenyewe ni sayari katika mfumo huohuo, kwa hiyo sentensi inasema Jupiter ni kubwa kuliko Jupiter. Neno linalokosekana ni "other": "larger than any other planet". Lakini ukisema "The Sun is larger than any planet", "other" haihitajiki, na ukiiweka utakuwa umelifanya Jua kuwa sayari. Swali la kujiuliza ni moja: je, ninachokilinganisha kimo ndani ya kundi ninalolilinganisha nacho? Kikiwemo, weka "other" au "else", kisipokuwemo, acha.

"Compared to" imekuwa kimbilio la wengi, labda kwa sababu ya mazoea ya "ukilinganisha na". "Sales are higher compared to last year" utaisoma kila mahali, ila "higher" tayari inaita "than": "Sales are higher than last year's". "Compared with" ifanye kazi pale ambapo hakuna umbo la kulinganisha: "Sales were high compared with last year's". Wanaopenda usahihi hutofautisha pia "compare to", kufananisha kitu na kingine, na "compare with", kuviweka viwili pamoja na kupima tofauti zao. Tofauti hii inafifia, na sidhani inafaa kumkosoa mtu kwa ajili yake.

Viwakilishi baada ya "than" vina mabishano ya siku nyingi. "Taller than I" ni rasmi hadi kuwa nzito, "taller than me" ni ya kawaida, na "taller than I am" haimkeri yeyote. Hatari halisi iko kwenye vitenzi vyenye mtendwa. "She trusts him more than me" ina maana mbili: anamwamini yeye kuliko anavyoniamini mimi, au anamwamini kuliko mimi ninavyomwamini. Kitenzi kidogo humaliza tatizo: "more than she trusts me", au "more than I do".

Namba ndizo zinazogharimu zaidi zikikosewa. Tuseme mwaka jana walioomba walikuwa 100, mwaka huu ni 300. "Three times as many" haina utata: 300. "Three times more", wengine huisoma 300, wengine hujumlisha mara tatu juu ya zile 100 za mwanzo na kupata 400. "Three times fewer" ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua kinachotolewa mara tatu ni kipi; andika "a third as many". Chunga pia "by" na "to": "increased by 300" inakupa 400, "increased to 300" inakupa 300. Na asilimia 200 zaidi ya 100 ni 300, si 200. Kwenye ripoti, sentensi kama "Applications rose from 100 to 300" haihitaji neno hata moja kati ya yote haya.